Mwalimu wa Kwaya na Rozimari Isiyopumzika

Rozimari ya mwalimu wa kwaya ilihamahama kuliko sisi, na sisi ndio tulioitwa wahamiaji. Kila Septemba, baridi ya Johannesburg ilipoanza kulegea na vumbi la Agosti kutulia, alitoka kwenye vyumba vyake vya nyuma amevaa koti la suti, suruali ya kazi ya ulinzi na mabuti ya mpira. Alisimama katikati ya bustani, mikono nyuma, akaikagua mimea mmoja mmoja. Kisha alianza kuipanga upya. Mchaichai uliokuwa karibu na bomba ulikwenda ukutani. Seji, jani chungu la viungo, iliyokuwa ukutani ililetwa mlangoni kwetu. Nanaa ilifungiwa kwenye ndoo kwa utovu wa nidhamu. Sisi tuliozoea kutoka alfajiri na kuchuma jani la chai kwa kupapasa tukajikuta tunachuma vitu vingine kabisa, na mume wangu, ambaye mafua yake hayana likizo, alikunywa chai ya seji wiki nzima akilaumu maziwa ya dukani.

Tuliishi naye ua mmoja tangu mwaka 2015, tulipofika kutoka Nakuru, hadi mwisho wa 2018. Ilikuwa nyumba ya zamani ya mabati mtaa wa Bertrams, imegawanywa katikati, sisi mbele, yeye na mkewe nyuma, na bustani ni ya wote, yaani yake. Mimi nilifanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu kule Braamfontein. Yeye alilinda geti la jengo la ofisi mitaa michache kutoka hapo. Asubuhi nyingine tulipanda basi moja, akaniaga kwa heshima zote, akavaa kofia yake na kuanza kuinua na kushusha kile kizuizi cha magari. Siku za kazi alikuwa mlinzi. Jumapili, katika ukumbi uliokodiwa na kanisa lao karibu na Joubert Park, alikuwa Mwalimu, na watu wazima wenye saluni zao na vyerehani vyao waliliogopa jicho lake. Jina lake nililijua lakini sikuwahi kulitumia, na sikumbuki hata mkewe akilitumia.

Kwa Mwalimu hapakuwa na mmea mbaya wala mtu mbaya. Palikuwa na mahali pabaya tu. Kitu kikikataa kustawi, yeye hakukiuliza kina nini. Alikiuliza kimekaa na nani. Siku za mwanzo nilidhani ni maneno ya bustanini, mpaka nilipohudhuria mazoezi ya kwaya na kumwona akimtoa dada mmoja wa sauti ya kwanza, aliyekuwa anaimba kama mlango usiotiwa mafuta, akampeleka upande wa dirisha, akamrudisha, akampeleka nyuma ya nguzo, na hatimaye akatangaza kwamba sauti ya dada ni nzuri sana, ila ukuta wa kushoto haumpendi. Yule dada aliimba nyuma ya nguzo miaka yote niliyomjua, tena kwa furaha, na kweli ubaya wake ulipungua, kwa maana nguzo ilikuwa nene.

Nyumbani kwetu alikuja mara ya kwanza kutukaribisha. Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Niliporudi na sinia, kochi lilikuwa limegeukia upande wa mashariki, televisheni iko chini ya dirisha, na mume wangu, ambaye hajawahi kukubali kuhamisha hata kijiko nikimwomba mimi, alikuwa ameshika ncha moja ya meza akihema.

"Jirani," Mwalimu akaniambia, "hii nyumba ilikuwa inawachosha. Sasa mutalala vizuri."

Nilikasirika, nikasubiri aende ili nirudishe kila kitu kilipokuwa. Sikurudisha. Tulilala vizuri, na jambo hilo lilinikera zaidi kuliko kuhamishiwa kochi.

Mkewe alisuka nywele katika saluni moja ya Joubert Park na alikuwa na ulimi uliokwenda sambamba na vidole vyake. Kitanda chao, aliniambia, kilikuwa kimesimama kila kona ya chumba, na mwaka mmoja kilisimama katikati kabisa, wakawa wanakizunguka kama watu waliokuja kutazama msiba. "Dada," alisema, "mimi nasubiri tu. Siku moja nitaamka nijikute niko mu bustani, amenimwagilia maji."

Chanzo cha haya yote kilikuwa kosa, na mkewe ndiye aliyenihadithia, huku Mwalimu mwenyewe akijifanya anarekebisha redio. Mwaka wao wa kwanza katika nyumba ile, sisi tukiwa hatujafika, bustani ilikuwa ya mwenye nyumba, bibi mmoja Mreno aliyehamia kwa binti yake lakini bado alikuja kuitazama. Ikaingia baridi ya Juni na Julai. Maua ya kana yakaanguka, nanaa ikatoweka, mchaichai ukawa majani ya kuezekea, na ule mti mdogo wa majani yanayonukia ndimu ukabaki fimbo. Mwalimu alitoka Bukavu. Kwao, kama kwetu, mmea uliokauka mpaka jani la mwisho umekufa na hakuna mjadala. Sisi watu wa Ikweta hatukulelewa na habari za mimea inayolala miezi mitatu na kuamka yenyewe. Akamwonea huruma yule bibi, mzee wa watu, bustani imemfia yote na hana mtu wa kumwambia. Jumamosi moja akavua koti, akang'oa kila kitu, akafagia, akarundika fimbo na mizizi karibu na mapipa ya taka, na kwa kuwa ni mtu wa kanisa akasema na sala fupi. Rozimari peke yake ilinusurika, kwa sababu ilikuwa na majani mabichi.

Bibi alipokuja aliketi kwenye ngazi akalia kwa Kireno. Mwalimu naye, akidhani analilia marehemu, akaketi kando yake na kumpa pole. Ilichukua muda mrefu, na bibi kulaza shavu kwenye kiganja mara nyingi kuonyesha usingizi, kabla Mwalimu hajaelewa kwamba amewazika watu walio hai. Akakimbilia kwenye mapipa. Akavipanda vyote tena siku ileile, lakini fimbo ni fimbo, hakujua ipi ni ipi. Septemba ilipofika kila kitu kilichipua mahali ambapo hakikupaswa kuwa, mayungiyungi kwenye njia ya kupita, vitunguu vya majani chini ya kana, nanaa kila mahali. Ikabidi aanze kuhamisha. Alipomaliza akaona bado. Mwaka uliofuata akaona bado. Nadhani mpaka leo anatengeneza kosa la Jumamosi ile.

Mimi nilikuja kusoma katika kitabu kimoja pale maktabani kwamba rozimari ikishashika mizizi haipendi kabisa kuhamishwa. Nikampelekea habari. Akanisikiliza kwa adabu, akasema huyo aliyeandika aliweka rozimari yake mahali pabaya mara ya kwanza ndiyo maana ikakasirika. Rozimari yake mwenyewe ilihamishwa kila mwaka niliokaa pale na ikanenepa.

Aliongea na mimea, na hilo si ajabu, wengi huongea nayo. Ajabu ni kwamba aliigawia lugha. Amri alitoa kwa Kifaransa, bembelezo kwa Kiswahili, na matusi, ambayo yaliihusu nanaa peke yake, kwa kilugha cha kwao ambacho mkewe alikataa katakata kunitafsiria. Mimea aliipa sauti zake pia. Rozimari ilikuwa besi, kwa kuwa haiyumbi. Lavenda ilikuwa sauti ya pili, inayojaza katikati na hakuna anayeishukuru. Nanaa ilikuwa sauti ya kwanza. "Haijue kunyamaza," alisema. "Ukiipa nafasi ya mutu mumoja, kesho imeleta ndugu zake wote."

Utadhani mtu wa namna hii alikula alichopanda. Hakula. Rozimari kwenye nyama aliiita majani ya mbuzi. Chai ya mchaichai aliiita maji ya kuogea mtoto. Alitaka ugali wake wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki, na harufu nyingine yoyote katika sahani aliiona ni uchokozi. Bustani nzima aliigawa. Ukipita kumsalimu ulitoka na kifurushi, na ukikataa kifurushi ulitoka na mche, ambao ni mbaya zaidi kwa sababu mche alikuja kuukagua.

Alihubiri nidhamu ya saa na hakuna hata Jumapili moja aliyofika kwa wakati. Alikataza maongezi kwenye mazoezi, na mazoezi yakaishia usiku kwa sababu ya maongezi yake. Na yeye aliyehamisha kila kitu chenye mizizi au miguu hakuhama yeye. Kiti chake kwenye baraza kilikaa palepale, kimechimba vishimo vinne kwenye saruji. Mwenye nyumba alipompa nafasi ya kuhamia upande wa barabarani wenye jua, alikataa akasema pale alipo panamtosha. Mkewe aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa niseme la masikio, maana hapo ndipo penye kisa. Mwalimu alikuwa anapoteza usikivu, kidogo kidogo, na sote tulijua kabla yeye hajakubali. Mimi nilijua Oktoba moja, siku ya mvua ya mawe. Kukaa nyumba ya mabati chini ya mvua ya mawe ni kukaa ndani ya ngoma. Tulikuwa sebuleni kwetu, yeye kalipa dirisha kisogo, anasimulia habari za kwaya yake ya Bukavu. Mawe yakaanza. Mimi na mume wangu tukaacha kila kitu, tukakaa tumeziba masikio. Mwalimu akaendelea na kisa chake kwa sauti ileile, akanywa chai, akatutazama.

"Kwa nini munashika vichwa?" akauliza. "Hii story haiko ya huzuni."

Kwenye kwaya alianza kusema "Imbeni!" wakati watu wanaimba. Akaamini tatizo ni mahali. Akaisogeza sauti ya kwanza mbele. Mwaka uliofuata akaisogeza mbele tena. Safu ya besi ikaletwa mbavuni kwake. Kufikia 2017 kwaya nzima ilikuwa imemzunguka kama watu wanaoota moto, nusu yao wamewapa waumini mgongo. Na kwa kuwa alichosikia kilikuwa kinachelewa kumfika, au hakimfiki kabisa na anakibuni, mikono yake ilibaki nyuma ya wimbo. Kwaya ikawa na njia mbili, kumfuata Mwalimu au kufuata wimbo, na kila mtu akachagua kivyake. Niliwahi kusikia "Amina" ikifika kwa mafungu.

Mkewe alimpeleka kliniki baada ya mabishano ya mwezi mzima, naye akarudi na kifaa cha sikioni cha kumsaidia kusikia. Alikivaa kwenye mazoezi wiki moja. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka akaisikia kwaya yake sawasawa. Akasimama, akasikiliza wimbo mzima mpaka mwisho, akakitoa sikioni na kukitia mfukoni.

"Hii mashine iko naharibu sauti za batu," akasema, na hakukivaa tena.

Tulicheka sana. Lakini mimi sikucheka mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa nikimwona Braamfontein pia. Nilimwona kwenye geti lake, wenye magari wakipita bila kumtazama, wengine simu sikioni, mkono wake ukipanda na kizuizi na kushuka na kizuizi. Kwaya ile aliianzisha mwenyewe kwenye gereji ya mtu kule Yeoville na waimbaji waliojaa kwenye benchi moja. Bila kwaya, angebaki na geti. Kila mtu kanisani alilijua hilo, na ndiyo maana hakuna aliyetaka kuwa wa kumwambia.

Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Wakakubaliana kwamba kijiti apewe Riziki, dada msusi wa sauti ya pili, ambaye Mwalimu mwenyewe alimfundisha tangu alipokuwa hajui noti ni nini. Mwenyekiti wa kwaya, fundi cherehani mpole kutoka Goma anayeomba radhi kabla ya kubisha hodi, akapewa kazi ya kuongoza ujumbe wa watu watatu. Wakaja Jumamosi moja ya Septemba 2018, viatu vinang'aa.

Kwa desturi zao, na zetu si tofauti, jambo zito halianzishwi mlangoni. Mgeni hukaribishwa, hukaa, huulizwa habari za nyumbani, hupewa maji, hula, na ndipo mwenye nyumba anaposema, "Haya, naona hamkuja bure." Mpaka mwenye nyumba aseme hivyo, mgeni hana ruhusa ya kufungua mfuko wake wa maneno. Mwalimu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakuwa na subira ya siku mbili. Alipowaona getini aliwapokea kwa mikono yote, akawasifu kwa kuja wakati rozimari inataka kuhama, na kabla hawajakaa kila mmoja ameshika chombo.

Mimi nilikuwa naanika nguo, nikayaona yote. Mwenyekiti alichimba shimo akiwa na tai. Mzee wa pili alibeba ndoo ya nanaa kutoka kona hii hadi kona ile, akaambiwa hapana, airudishe. Wa tatu, mama mwenye heshima zake, alishika mche wa lavenda wima muda mrefu huku Mwalimu akirudi nyuma, anafumba jicho moja, anasogea, anafikiri. Kila mara mwenyekiti alipofungua kinywa, "Mwalimu, kwa kweli sisi tulikuwa tumekuja..." alijibiwa, "Ndiyo, mumekuja, Mungu awabariki, shika hapa." Jua likazama. Wakaletewa chai. Yale maneno ya "hamkuja bure" hayakusemwa. Wakaondoka na vifurushi vya mchaichai.

Jumamosi iliyofuata wakaja tena, safari hii kwa viatu vya kawaida, nadhani mioyoni walikuwa wameshashindwa. Wakahamisha seji. Getini mwenyekiti akanigeukia mimi, udongo mpaka magotini.

"Dada yangu," akasema, "wewe uko jirani, tena haiko wa kwetu. Neno lako halina lawama. Utusaidie."

"Mimi? Nimwambie nini?"

"Ile yenye tulitaka kumwambia."

"Kwani hamjui kuongea?"

"Eish, dada. Tunajua kuongea. Hatujue kulima."

Kiherehere changu kikanijibia kwamba nitajaribu. Jioni ya siku iliyofuata nikaenda barazani nikamkuta kwenye kiti chake. Nikaanza kwa mbali, nilivyofundishwa na mama yangu. Nikaisifu bustani. Nikasema hata mmea mkongwe hufika wakati ukahitaji kupumzishwa, wenzake wadogo wakachukua jua. Nilikuwa nimeandaa mafumbo ya kutosha ndoa mbili. Yeye aliniangalia midomo, akaniacha nipande kilima chote, nikafika juu na kukosa pumzi.

"Jirani," akasema polepole, "usinizungushe. Mimi najua wanataka nini. Nilijua tangu wamevaa tai."

Aibu ilinishika mpaka miguuni.

"Kule geti," akasema, "mukono yangu inapanda, gari inapita. Inashuka, gari inasimama. Hata mashine inaweza, na bosi amesema wataleta mashine. Lakini Siku ya Mungu mukono ikipanda, batu wananiangalia. Wanavuta pumzi. Umeshaona ile? Kabla ya sauti kutoka, wote wanavuta pumzi pamoja, juu ya mukono yangu. Ile naisikia bado. Ndo kitu moja yenye nasikia vizuri."

Mkewe alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo, anafuta sahani iliyokwishakauka. Mwalimu akaelekeza kidole kwenye bustani yote, ile iliyokuwa imetoka kupangwa na mwenyekiti mwenye tai.

"Bon. Wewe ungeniweka wapi?"

Hakuwa ananitega. Aliuliza kweli, kama mtu anayeuliza njia, na akasubiri. Mimi niliyekuja na mafumbo ya ndoa mbili nikasema kitu cha kijinga kuliko vyote nilivyowahi kumwambia mtu mzima. "Mwalimu, mimi sijui. Hata nyanya zangu zilikufa."

Akacheka. Akacheka kwa muda, akajifuta macho, akaniambia nyanya zangu zilikufa kwa sababu nilizipanda kando ya bomba zikalewa. Tukaongea habari za nyanya. Nikarudi kwetu sijafanya nilichotumwa, nimebeba mche.

Desemba tulihamia Randburg, karibu na kazi mpya ya mume wangu, na kuhama kwetu kulikuwa kwa hasira kidogo, kwa sababu Mwalimu alisimamia upakiaji wa lori na vitu vikatoka na kuingia mara tatu. Niliahidi kurudi kuwasalimu. Jiji hili lina namna ya kuzimeza ahadi. Mwenyekiti alinipigia mara moja kusema Riziki ameshika kwaya tangu Pasaka, Mwalimu alikubali bila neno, na hawajui kama amekubali au amekasirika. Sikumpigia Mwalimu. Niliogopa kusikia sauti ya mtu aliyebakiwa na geti tu.

Nilimwona tena Oktoba 2019. Nilikwenda kanisani kwao Jumapili moja bila kutoa taarifa, ukumbi umejaa, nikasimama mlangoni kumtafuta Mwalimu, na nilimkuta nyuma ya kwaya. Kwaya ilikuwa imerudishiwa safu zake, nyuso kwa waumini kama kwaya za watu. Riziki alisimama mbele, mdogo, mgongo umenyooka, mikono safi. Mwalimu alikuwa safu ya mwisho ya besi, pembeni kabisa, ndani ya lile koti la suti, amevaa beji ya mwanakwaya kama mwingine yeyote. Kiti pekee kilichobaki wazi ukumbini kilikuwa kando yake. Mkewe, katika safu ya pili ya waumini, alinifanyia ishara kwa kidevu nikae pale.

Riziki akainua mkono. Wakavuta pumzi, na nilimwona Mwalimu akivuta naye, pamoja na wote, sawasawa. Kisha wimbo ukaanza, naye akaanza nyuma yao. Alichelewa kwa silabi nzima, na kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe aliimba kwa nguvu za watu wanne. Nikatazama chini nikisubiri ule mparaganyiko wa zamani.

Haukuja. Niliinua macho nikaona vijana wa besi wamepunguza mwendo, wameshika neno mpaka alifikie. Sauti ya tatu ikawasubiri besi. Riziki alimtazama mzee wa nyuma kwa jicho moja tu la haraka, na mkono wake ukashuka taratibu zaidi, na kwaya nzima, na yule dada wa nyuma ya nguzo akiwemo, ikaingia kwenye mwendo wa Mwalimu bila mtu yeyote kugeuka. Wimbo ulikuwa wa shangwe. Ulikwenda kama maandamano ya msiba. Waumini walikuwa wameshauzoea, maana walipiga makofi kwa mwendo uleule, na mpiga ngoma aliinamisha kichwa akangoja zamu yake kwa subira. Mimi niliigiza kuimba kwa midomo tu.

Walipoketi, Mwalimu alinitambua. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza habari za mume wangu na mafua yake. Kisha akaniinamia, na kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, ambayo ilifika mpaka madhabahuni, akasema:

"Umesikia, Jirani? Nikiwa mbele, hawa batu walikuwa wananikimbia. Nilipokuja hapa nyuma, tunaimba pamoja."

Riziki alikuwa amesimama mbele, anapanga karatasi zake. Alisikia. Hakuinua kichwa.

"Nimesikia, Mwalimu," nikamwambia, karibu na sikio lake, kwa nguvu. "Mnaimba pamoja."